Zimwi la Shimo la Saba

Nianze na zipu, maana nisipoianza mtaianza nyinyi.
Inaonekana. Dakika ya kumi na nane,
zimwi linapogeuka kumfuata mchungaji,
zipu inang'aa mgongoni, toka kisogoni mpaka kiunoni,
ya shaba, kama kila kitu cha mji huu,
na watu wa safu ya nyuma huanza kuihesabu meno.

Sikatai. Mimi ndiye niliyeshika kipaza sauti
kwenye ufito wa kuvulia samaki,
na kivuli changu kimo ndani ya filamu mara nne.

Wendell Kangas aliuza misumari na rangi
hapa Vesterby, kaskazini kabisa mwa Michigan,
ambako shaba iliisha kabla baba zetu hawajamaliza kulipwa.
Alikuwa na dola elfu sita na mia mbili,
kamera ya kuazima
na wikendi tisa kabla ya theluji.
Dada yake, Lempi, alilishona zimwi
kwa zulia la hoteli iliyofungwa,
akalipaka uji wa shayiri na gundi ili ngozi ionekane imechubuka.
Wikendi ya tatu panya walikuwa wamelila sikio.
Wanasema ukiona vyaelea, vimeundwa.
Hili halielei, lakini liliundwa.

Kasoro nyingine, msije mkasema naficha:
sherifu ni daktari wa meno, Haapala,
anasoma maneno yake kiganjani,
kwa hiyo kila anapotishwa huutazama mkono
kama mtu aliyechelewa basi.
Mazungumzo yanaanza mchana, yanaisha usiku,
na katikati mvua imenyesha upande mmoja tu wa meza.
Mchungaji anakufa, kisha yuko dirishani anakunywa kahawa.
Na asili ya zimwi: sumu ya mgodi, laana, au jeshi?
Wendell aliyaweka yote matatu
kwa kuogopa kuchagua.

Lakini dakika ya arobaini na moja, nyamazeni.

Fedha za betri zilikuwa zimekwisha.
Tulibaki na taa moja ya kofia ya mchimbaji
na Elma Rautio, mhudumu wa mkahawa,
mtu asiyeweza kuigiza hata kilio cha msibani.
Aliambiwa ashuke ngazi, apige kelele, akimbie.
Alishuka. Hakupiga kelele.
Giza lile si la filamu. Ni giza lenyewe,
limekaa humo tangu pampu zizimwe.
Kitu kinapumua: ni Lempi, anapuliza mpira wa bustani.
Kofia ya bati inabingirika mahali fulani, haionekani,
inabingirika muda mrefu kuliko sakafu inavyoruhusu.

Kisha Elma anaita, polepole, "Isä?"
Kwa Kifini, lugha aliyoiacha jikoni kwa mama yake: baba.
Halikuwemo kwenye karatasi.
Baba yake alishuka shimo la saba asubuhi moja ya Machi
na hawakupata hata buti la kuzika.
Wendell hakusema kata.
Kwenye visikilizio nilisikia moyo,
sijui wa nani.

Hapo ndipo zimwi linatokea, si kwa zamu yake.
Ndani alikuwa Rudi, mtoto wa Lempi, miaka kumi na minne,
haoni kitu, jasho limemwingia machoni,
ananyoosha mkono kutafuta ukuta
na anampata Elma begani.
Anauacha hapo.
Naye Elma anaushika ule mkono wa zulia na uji
kama unavyoshika mkono wa mgonjwa
aliyekuuliza saa ngapi mara ya tatu.

Wenye mamilioni wangepaondoa, wakaonyesha meno.
Sisi hatukuwa na mkanda wa kurudia.

Kila Oktoba tunaionyesha chini ya kanisa la Kilutheri:
viti vya kukunja, kahawa ya bure, mkate wa iliki.
Vijana huja kucheka, na wana haki, hata mimi hucheka.
Rudi, sasa ana mvi, hukaa karibu na mlango
na dakika ya arobaini hutoka kuvuta sigara.
Hajawahi kuvuta sigara.

Baada ya hapo filamu inaharibika tena.
Jeshi linafika: askari watatu, bunduki mbili.
Wa tatu ananyoosha kidole.